Jina la Uluguru liandikwe kwa mkono

Mafiga, Morogoro
15 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Picha za pakiti zako za mdalasini nimezipata. Masika yamekwisha, asubuhi mlima unaonekana wote hadi kileleni, na mama yako yuko Kinole tangu juzi anaangalia kama mdalasini uliobanduliwa umekauka sawasawa. Amesema nikuambie kwamba pilipili manga itapanda gari wiki ijayo.

Sasa niingie kwenye swali lako, maana safari hii umeniuliza jambo la kazi yangu ya kuandika mabango. Umetaka kujua kama mwandiko ulioupata kwenye kompyuta unafaa kuandikia jina la Uluguru mbele ya pakiti. Nimeutazama kwa muda, nikaukuza kwenye simu, kisha nikamwomba kijana wa stesheneri anichapie kwenye karatasi. Ni mwandiko wa kupendeza. Umelala kidogo kuelekea kulia, herufi zimeungana, wino unanenepa pale kalamu inaposhuka na kukonda inapopanda, na herufi kubwa ya mwanzo imepewa nafasi ya kujizungusha. Aliyeuchora anaijua kalamu. Hata hivyo nakuomba usiuweke hapo kama ulivyo. Jina hilo liandikwe kwa mkono, kwa ajili ya pakiti hiyo peke yake, kisha kazi hiyo ya mkono ndiyo iingizwe kwenye kompyuta.

Nitakueleza kwa nini, na uniwie radhi nikirefusha. Kwetu Waluguru mjomba ana haki ya kurefusha maneno mbele ya mtoto wa dada yake.

Fonti yako inaitwa Great Vibes. Imechorwa na Mmarekani Robert Leuschke na imetolewa kwa leseni ya wazi, ile inayomruhusu mtu yeyote kuitumia bila malipo hata kwenye biashara, na hata kuibadilisha, mradi asiiuze fonti yenyewe peke yake. Ukarimu huo umewafaa watu wengi. Fungua droo ambamo mama yako anaweka kadi za mchango wa harusi: majina ya bwana na bibi harusi yameandikwa kwa fonti hiyo au kwa ndugu zake wa karibu. Ukitoka Mafiga kwenda sokoni utaukuta mwandiko wa aina hiyo kwenye kioo cha saluni, kwenye boksi la keki, kwenye bango la wanaokodisha mashela. Siwalaumu, kwa shughuli hizo umekaa mahali pake. Ila mteja wa Kariakoo akiiona pakiti yako kwenye rafu atahisi harusi kabla hajahisi mdalasini.

Na kwa kuwa najua utaendelea kutafuta, jihadhari na fonti nyingine za mwandiko zinazopakuliwa bure. Nyingi zimeandikwa ndani yake kwamba ni kwa matumizi binafsi tu. Kadi ya kumtakia bibi heri haina neno, lakini pakiti inayouzwa dukani ni biashara, na mchoraji ana haki ya kulipwa. Fungua faili la leseni, lisome lote kabla hujamlipa mchapaji.

Sababu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, nayo imo ndani ya jina lenyewe. Chukua penseli uandike polepole: U, l, u, g, u, r, u. Herufi saba, na nne kati yake ni u. Ukiacha U kubwa, moja tu inapanda juu, ile l, nayo iko karibu kabisa na mwanzo. Moja tu inashuka chini, ile g, nayo iko katikati. Baada ya hapo u, r, u zinafuatana, na katika mwandiko uliolala hivyo ni vijiti vifupi vitano mfululizo vinavyofanana: viwili vya u, kimoja cha r, viwili vya u. Msomaji mwenye haraka atasoma "Ulugunu", au ataachia njiani.

Mtu anayeandika kwa mkono huliona hilo kabla hajachovya brashi. Ataipandisha r juu kidogo ya jirani zake na kuipa kifundo begani, kama walivyofundishwa wazee wetu waliosoma kwa kalamu za nibu na vidau vya wino, ili jicho lipate mahali pa kutua. Ataongeza nafasi kidogo kabla yake. Na zile u nne hatazifanya mapacha. Ya kwanza ni kubwa na imesimama imara, ya pili imebanwa kati ya l na g, ya tatu inapumua, ya mwisho inaacha mstari wake utoke taratibu kuelekea kulia. Fonti ukiiandika hivi hivi bila kuigusa hurudia u ndogo moja ileile mara tatu, na anayetazama huhisi mashine hata kama hawezi kueleza ni nini kilichomfanya ahisi hivyo.

Ule mkia wa g nao ni mali. Neno lako linaanza na urefu na kumalizika likiwa bapa, kwa hiyo upande wa kulia unaonekana mwepesi. Mkia wa g ukishuka, ukageuka na kupita chini ya "uru" hadi mwisho, neno zima linapata uzito ulio sawa. Kwenye fonti mkia huo unarudi kushoto na kupanda kuunga na herufi inayofuata, kwa sababu aliyeuchora hakujua g hiyo itasimama katikati ya neno gani. Wewe unajua.

Niseme na hili, maana limenikaa moyoni miaka mingi. Maneno yetu ya asili huishia irabu. Wachoraji wa fonti hizi walikuwa na maneno ya Kiingereza mbele yao, ambayo mengi huishia t, d, s, y au n, na mapambo ya mwisho wa neno wakayafikiria kwa herufi hizo. Sisi tunahitaji a, e, i, o na u zinazojua kumaliza neno. Tunahitaji mb, nd, ng, ny, mw na kw zilizokaa vizuri, kwa sababu zinarudi katika kila sentensi. Tunahitaji ng' ambayo alama yake ya juu haikati muungano kati ya g na irabu inayofuata. Jaribu kuandika "ng'ombe" kwa fonti yako uone shimo lililopo pale. Q na x, ambazo zimepambwa kweli kweli, hatuna kazi nazo. Natamani sana kijana mmoja wa huku akae chini achore fonti ya mwandiko kwa kuanzia na maneno kama Matombo, Mgeta, mwanana, karibu na shangazi, halafu herufi nyingine zifuate. Programu ya FontForge ipo na haiuzwi. Wewe ungeweza, ukimaliza kuuza mdalasini.

Inafaa pia ujue mwandiko huu ulikotoka, ili ujue pa kuushika na pa kuuacha. Kule kunenepa na kukonda kwa wino kunatokana na ncha iliyochongoka: ukiikandamiza wakati wa kushuka inapanuka, ukiilegeza wakati wa kupanda inafunga. Huko London, George Bickham alichonga kwenye sahani za shaba maandishi ya mabingwa wa mwandiko wa zama zake, akayatoa kwa sehemu kati ya 1733 na 1741 katika kitabu kiitwacho The Universal Penman. Wengi wa mabingwa hao walikuwa walimu wa makarani. Walifundisha mwandiko wa hati za deni, wa risiti, wa barua za mfanyabiashara kwa mwenzake. Kwa hiyo tangu mwanzo ulikuwa mwandiko wa biashara. Harusi zilikuja kuuazima baadaye.

Wachapaji wa herufi za risasi walihangaika nao sana. Kila herufi ilikaa juu ya kipande chake cha pembe nne, na mwandiko uliolala hauvumilii kukatwa wima. Maungio yakiachana kwa unene wa unywele tu, neno linavunjika. Herufi zilipoanza kupigwa picha badala ya kumiminwa kwa risasi, njia ilifunguka. Mwaka 1966 Matthew Carter alitoa Snell Roundhand, akifuata mkono wa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa Uingereza wa mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1997 Richard Lipton akaurudia mkono wa zama za Bickham kwa kompyuta, na ndiyo Bickham Script. Katika miaka hiyohiyo Microsoft na Adobe walitangaza mfumo wa OpenType, unaoiwezesha fonti moja kubeba maumbo mengi ya herufi moja na kuchagua la kutumia kwa kuangalia jirani zake.

Nikisoma habari hizo akili yangu huenda Lamu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na katika herufi hizo kuungana ndiyo desturi. Herufi hubadili umbo kufuata mahali iliposimama, mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, na mwandishi anaweza kuuvuta mstari wa maungio ili neno lijaze nafasi yake. Kile ambacho kompyuta zilikuja kufundishwa mwishoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya herufi za Kirumi, mkono wa mwambao ulikuwa nacho siku zote. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao. Mwaka 1913 aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, na wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walipata hati kutoka mkononi mwake. Baadhi zimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha London, SOAS. Mtu huyo aliishi kwa mkono wake, kwenye karatasi na kwenye mti. Nataka umjue kabla hujaamini kwamba mwandiko mzuri ni jambo la kuagiza kutoka ng'ambo. Hatuandiki tena kwa herufi zile, lakini uhuru wa Kijumwa wa kuivuta herufi hadi ikae mahali pake unaweza kuuchukua kama ulivyo.

Rudi sasa hapa mtaani. Simama kwenye barabara ya Mafiga utazame vibao vya maduka, vile vyekundu. Katikati pameandikwa jina la mwenye duka kwa herufi zilizosimama wima, za kawaida, na pembeni ni Coca-Cola. Jina hilo liliandikwa mwaka 1886 huko Atlanta na Frank Mason Robinson, mtunza hesabu wa aliyetengeneza kinywaji hicho, kwa mwandiko wa Spencer ambao makarani wa Marekani wa wakati ule walijifunza. Tazama C ya kwanza ilivyoshusha mkia wake chini ya herufi zinazoifuata, na C ya pili ilivyopitisha mstari wake ndani ya kitanzi cha l. Mambo hayo hayawezi kufanyika kwa neno jingine. Yalizaliwa na neno lile, kwa sababu mtu alikaa nalo akaliandika. Mtoto wa Mafiga ambaye hajaanza shule, asiyejua hata a, analitambua akiwa upande wa pili wa barabara.

Bata ni vilevile. Kampuni ilianzia Zlín mwaka 1894, kiwanda chake cha Limuru nchini Kenya kimewavalisha viatu wanafunzi wa vizazi kadhaa wa Afrika Mashariki, na jina lake ni herufi nne nyekundu zilizoandikwa kama mtu anayetia sahihi. Linamalizika kwa a, kama maneno yetu, na ile a ya mwisho imelifunga neno vizuri.

Lakini ona pia kile ambacho makampuni hayo hayakufanya. Mwandiko wameuacha kwenye jina tu. Kwenye chupa, viungo vya kinywaji, ujazo na tarehe viko kwa herufi za wima zinazosomeka. Wachapaji wa kanga nao wanalijua hilo: msemo wa kanga siku hizi huandikwa mara nyingi kwa herufi kubwa za wima, kwa sababu unasomwa mgongoni mwa mtu anayetembea. Katika picha yako umeandika "Mdalasini halisi kutoka milimani" kwa mwandiko uleule wa jina, na chini yake uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi vilevile. Toa hayo yote. Jina liwe Uluguru kwa mkono, kisha "Mdalasini", gramu, mtengenezaji na tarehe kwa fonti moja ya wima isiyo na mapambo. Afisa wa TBS, shirika la viwango, anahitaji kuisoma, na bibi mwenye miwani anahitaji kuisoma.

Mambo mengine machache ya kuepuka, niyataje haraka. Mwandiko wa kuungana usiandikwe kwa herufi kubwa tupu, hausomeki. Usizitenganishe herufi ili neno lijaze nafasi, maana maungio yatakatika. Usiuvute kwa upana wala kuulaza zaidi kwa kompyuta. Unene wa mistari unaharibika na macho yanaona hata kama mdomo haujui kusema. Na ile milima uliyotaka kuichora ndani ya U, iache. Neno lenyewe linataja mlima, na herufi ikigeuzwa picha inapoteza usomaji wake.

Lililo zito zaidi ni uchapaji. Mstari mwembamba wa kupanda, unaopendeza sana kwenye skrini ya simu, ndio wa kwanza kufa kwenye pakiti. Ukichapwa kwa skrini ya kupitishia wino juu ya plastiki, uzi ulio chini ya robo ya milimita ama unakatika ama unaziba. Ukichapa jina jeupe juu ya kahawia, wino wa kahawia unatambaa na kuumeza. Kwa hiyo mwandiko wa pakiti lazima uwe na mistari myembamba iliyoongezwa unene kidogo, kwa uwiano, kuliko ule wa bango. Mabango ninayoandika kwa rangi ya mafuta huku mjini yana mistari myembamba upana wa kidole, na mtu wa barabarani anaiona kama uzi. Ukilipunguza bango hilo hadi ukubwa wa pakiti, uzi hautaonekana kabisa. Chapa jina kwa ukubwa wake halisi, kwa rangi moja nyeusi, ulibandike ukutani na urudi nyuma hatua kadhaa. Kisha lipige fotokopi, na ile fotokopi uipige fotokopi tena. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kitakachobaki Kariakoo.

Kuna pia faida ya kisheria. Jina la mahali kama Uluguru ni vigumu kulimiliki peke yako, na haifai, maana ni la wakulima wote wa Kinole, Matombo na Mgeta. Lakini umbo lililochorwa kwa ajili yako ni jambo jingine. Hilo unaweza kulipeleka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuombea usajili wa alama ya biashara. Kwa sheria ya mwaka 1986 usajili wa kwanza ni wa miaka saba, kisha unahuishwa kwa kumi kumi. Kwa fonti ambayo kila mtu anayo, ungekuwa na hoja dhaifu sana ya kuonyesha kwamba alama hiyo ni yako.

Nimekwisha kuanza kazi. Nimeliandika jina kwa nibu na kwa brashi nyembamba, kwenye karatasi nzito, mara nyingine g ikiwa imepitisha mkia chini ya "uru", mara nyingine ikiwa imeurudisha nyumbani. Karatasi zote nimezitia katika bahasha ngumu na kesho asubuhi nitaikabidhi kwenye basi pale Msamvu. Usizikunje. Zipeleke zikaskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, kisha uzifungue kwenye Inkscape, nayo ni programu isiyouzwa, na uiambie igeuze picha kuwa mistari. Haitatoa mstari safi mara ya kwanza. Kaa nayo, punguza vituo vingi inavyoviweka mahali pasipo kona, acha vile vya juu, vya chini na vya pembeni mwa kila mzunguko. Pale ambapo mkono wangu umetetemeka, sahihisha bila kuniogopa. Pale ambapo u moja imetofautiana na nyingine, usiguse.

Wachague wenzako wa duka, uwaonyeshe karatasi moja moja, kila mtu peke yake, na uwaulize wanasoma nini. Usiwaulize kama wanaipenda. Ile ambayo wote wameisoma bila kusita ndiyo tutakayoiendeleza, hata kama si ile ninayoipenda mimi.

Ukiipata bahasha nipigie. Na unijibu swali la mama yako kuhusu pakiti: mnataka za gramu 50 tu au na za 100? Yeye anauliza kwa ajili ya kupima mdalasini, na mimi nahitaji jibu hilohilo, kwa sababu upana wa pakiti ndio utakaoniambia mkia wa g uishie wapi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mjomba wako,
Mafiga